Uji wa Bienvenu

Eugénie alivisikia visigino vya mwanawe vikigonga mlango kwa ndani, na badala ya kufungua akaimba kwa nguvu zaidi. Miezi mingi baadaye bado hakuweza kulisimulia jambo hilo bila kutazama chini.

Ilikuwa siku ya pili ya mfungo, mwishoni mwa Juni 2013, katika kanisa moja la Wakongo kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Nyuma ya kanisa palikuwa na chumba kidogo cha matofali ya udongo, kisicho na dirisha. Waumini waliingia humo kwa hiari yao kufunga mfungo mkavu, siku tatu bila chakula wala tone la maji, kila mmoja na shida yake. Aliyeingia alifungiwa kwa nje, tumbo lisije likamshinda katikati ya safari, na ufunguo ulikaa shingoni mwa Mama Shemasi. Mama Shemasi ndiye huyo huyo Eugénie. Alikuwa ameubeba ufunguo ule miaka minne na, tusidanganyane, aliupenda. Mwanamke aliyefika kutoka Uvira na sufuria moja na mtoto mmoja kati ya wanne, hana shamba, hana mume, alikuwa walau na ufunguo.

Mtoto huyo mmoja, Bienvenu, sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Huko kwao watu wenye bunduki walikaa naye milimani majuma saba, na aliyoyaona huko hakumwambia mtu. Alirudi bila usingizi. Walipofika Nakivale rafiki mmoja akampa kidonge cha kutuliza, akalala usiku kucha kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, na mama yake akamshukuru Mungu. Mwezi uliofuata kidonge kimoja hakikutosha. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa anameza kumi, kumi na viwili kwa siku, anatembea kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Gitaa la kwaya lilitundikwa ukutani, kalibu yake ya kufyatulia matofali ikachukuliwa na jirani. Hakuna aliyemburuta hadi kwenye chumba kile. Alikuja mwenyewe, akamwomba mama yake amfungie.

Kwa hiyo visigino vilipoanza kugonga, wanawake wa maombi walijiambia wanajua maana yake: pepo anatoka. Walipiga makofi, na Eugénie akapiga pamoja nao. Waliongeza wimbo, visigino vikaongeza kasi, halafu vikanyamaza ghafla, na hapo ndipo alipoogopa. Vidole vyake vilishindwa kuingiza ufunguo. Ilibidi mchungaji mwenyewe, Pasta Modeste, auvunje mlango kwa bega. Walimkuta Bienvenu amelala chali, midomo imebadilika rangi, ulimi umeng'atwa, damu imetiririka hadi shingoni. Pasta alimbeba mgongoni akikimbia hadi zahanati ya Base Camp, mtu mzima wa miaka hamsini na mitano, na jioni hiyo gari la wagonjwa likapita Kabingo kuelekea Mbarara, mama na mwana wakiwa ndani.

Siku nne baadaye, kijana alipoweza kukaa kitini, walielekezwa kwenye kliniki ndogo huko Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, iliyowatibu watu walioshindwa kuacha pombe na dawa. Musawo, kama Waganda wanavyomwita mtu wa tiba, alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Mbabazi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na bila mapambo. Alimwuliza Eugénie kijana alikuwa amemeza nini kabla ya kuanguka. Eugénie akajibu, kwa fahari kidogo, kwamba hakuwa amemeza kitu chochote, siku mbili nzima, hata maji. Mbabazi akaweka kalamu chini.

"Mama, sikia mimi," alisema. "Hiyo ndio ilitaka kuua yeye. Hii dawa hapana wacha mara moja. Mwili nazoea. Ukikata gafla, mwili nalipuka. Tunapunguza polepole, polepole sana."

Kisha akaeleza mpango, na kuuandika kwenye karatasi. Bienvenu ataanza na vidonge vinane kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Kila majuma matatu kitapungua kimoja, mpaka Krismasi kisibaki hata kimoja. Yeye mwenyewe asivishike. Dozi isagwe, ikorogwe kwenye uji, ainywe mbele ya mtu, kisha afungue kinywa kikaguliwe, kwa sababu wapo wanaoficha hata kipande kisichosagika chini ya ulimi na kujiwekea akiba. Kwa hiyo alitaka kujua nani nyumbani ndiye mshika funguo.

Bienvenu akainua kichwa. "Mama njo anashikaka funguo," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Lakini lilimwingia Eugénie, na alikaa nalo njia nzima ya kurudi, kopo la vidonge likiwa ndani ya mkoba wake, yeye aliyekuwa ameomba miaka mitatu vidonge hivyo hivyo viteketee.

Alivifungia kwenye sanduku la chuma, na ufunguo wa pili ukaungana na ule wa kwanza shingoni. Kila asubuhi na kila jioni alisaga dozi kwa mgongo wa kijiko, akaikoroga kwenye uji wa mahindi, akakaa mbele ya mwanawe hadi bakuli likaisha. "Fungua kinywa," alimwambia, na Bienvenu alifungua, akainua ulimi, akageuza shavu huku na huku. Majuma ya kwanza alimchukia mama yake kwa hilo, na alimwambia waziwazi. Siku moja alipiga magoti kwenye majivu ya jikoni akimlilia kidonge kimoja tu cha ziada. Eugénie alikaa juu ya sanduku saa mbili, amezishika kingo zake kwa mikono miwili, mpaka kijana akachoka akalala palepale sakafuni.

Hata hivyo mpango ulikwenda. Vinane vikawa saba, saba vikawa sita. Katikati ya Agosti Bienvenu alikwenda kwa jirani akachukua kalibu yake, akafyatua matofali arobaini kabla jua halijawa kali, na jioni akashusha gitaa. Nyuzi mbili zilikuwa zimekatika. Alipiga hivyo hivyo, na mama yake alisimama nyuma ya nyumba akijifanya anapepeta maharage ili amsikilize vizuri.

Lakini Nakivale nyumba zimebanana, na mtu hasagi vidonge miezi miwili bila kuonekana. Maneno yalianzia kwenye foleni ya maji: Mama Shemasi, mshika ufunguo wa chumba cha maombi, analisha pepo uji. Waliosema hivyo ni wale wale waliokuwa wamepiga makofi. Eugénie aliyasikia, akakaza kitambaa kichwani, akajaza madumu yake, akaondoka bila kumsalimu mtu.

Pasta Modeste alikuja mwenyewe wiki hiyo hiyo. Bega lililovunja mlango lilikuwa bado linamuuma, alikuwa akilishikashika. Alikunywa chai, akauliza hali ya kijana, akafurahi kwa dhati kusikia habari za matofali. Kisha akafika kwenye lililomleta. Jumapili ya mwisho ya Septemba kulikuwa na kongamano, wageni wangetoka Kampala na wengine hadi Bukavu, na tayari alikuwa amewasimulia habari za kijana aliyetolewa kwenye chumba cha maombi akiwa mzima. Alitaka Bienvenu asimame atoe ushuhuda kwamba yuko huru. Dawa hakuikataza, alisema. Lakini ushuhuda ni ushuhuda.

"Hawezi simama mbele ya batu aseme Mungu amemufungula, na asubui yake amekunywa kompirime," alisema, kwa maana ya vidonge. "Tutakuwa tunamudanganya Mungu, Mama Shemasi."

Na kama kijana hatakuwa tayari, aliendelea huku akikitazama kikombe chake, basi pengine ingekuwa vema ufunguo wa chumba cha maombi ushikwe na mtu mwingine kwa muda, maneno yapoe. Hakuwa mkali hata kidogo. Angekuwa mkali, Eugénie angejua namna ya kumjibu.

Mtu mwingine angekwenda Mbarara kumwuliza musawo. Eugénie alikwenda jikoni. Alijiambia kwamba mwanawe sasa ana nguvu, matofali arobaini si mchezo, na kwamba lile analolipangia musawo hadi Krismasi, imani inaweza kulimaliza Septemba. Alikuwa amewaongoza watu wengi katika mfungo, na sikuzote aliyefunga nusu nusu alionekana hajaamini. Basi jioni ile akachukua wembe, akakata kidonge kimoja katikati, nusu akaisaga, nusu akaifunga kwenye upindo wa kitenge chake. Uji haukubadilika rangi. Bienvenu alikunywa, akafungua kinywa bila kuambiwa.

Kila siku chache wembe ulikata zaidi. Vipande na vidonge vizima vilivyobaki alivifunga kwenye upindo ule ule, akatembea navyo kanisani, kisimani, sokoni. Hakuvitupa chooni, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Mwanzoni mwa Septemba Bienvenu aliacha kulala. Alitoka jasho asubuhi ya baridi, kikombe kilimtetemeka mkononi, na mfuniko wa sufuria ulipoanguka aliruka akajibanza ukutani kama siku za kwanza baada ya milimani. Karatasi ya musawo alikuwa ameibandika juu ya kitanda, na kila kidonge kilipopungua alikifuta kwa kalamu. Karatasi ilisema vitano. Mwili ulisema jambo jingine. Yeye, maskini, akaiamini karatasi, akaulaumu mwili.

Walikwenda Kamukuzi kwa miadi yao, Jumatatu ya wiki ya kongamano. Mbabazi alimpima, akamtazama vidole, akarudia kumpima. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, unapea yeye yote? Kama karatasi nasema?"

"Yote," Eugénie alijibu.

Neno lilitoka laini kabisa, na yeye mwenyewe alishangaa. Musawo akamgeukia kijana, akamwuliza kama anatafuta vidonge vingine huko kambini, au kama anakunywa pombe ya waragi. Bienvenu akaapa kwamba hapana. Mbabazi hakubishana naye. Aliandika mstari mmoja kwenye faili na kuwaambia warudi baada ya siku saba bila kukosa. Bienvenu aliutazama ule mstari. Hakuweza kuusoma alipokaa, lakini alijua unasema nini.

Pale Kabingo, wakisubiri gari la kuwafikisha nyumbani, alimwuliza mama yake kama yeye walau anamwamini. Eugénie akasema ndiyo, kisha akageuka kutazama barabara, ingawa hakuna gari lililokuwa likija. Alikuwa na hofu sasa, hofu yenyewe, ile ya mlango. Angeweza kusema pale pale. Alihesabu siku badala yake: zimebaki sita tu, halafu yote yatakwisha, na hakuna atakayehitaji kujua.

Jumamosi, asubuhi na mapema, Bienvenu alimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa anachambua maharage. Alikuwa amevaa shati safi. Alichuchumaa mbele yake, mikono ameifungia kwapani ili isionekane inavyotetemeka.

"Mama, unifungie tena," alisema. "Mule mwa chumba. Mwili yangu imekataa dawa. Mara hii itamaliza."

Hakusema itamaliza nini. Eugénie alielewa, na maharage yalimwagika kutoka kwenye ungo bila yeye kuyaokota. Alimwambia asubiri kongamano lipite, kesho tu, kisha watazungumza. Bienvenu alikubali kwa kichwa kama mtoto, akainuka, akaenda kuwasaidia wanaume kufunga maturubai. Mama mtu alibaki pale na funguo zake mbili zikimchoma kifuani, na bado, Mungu amsamehe, alijiambia ni siku moja tu. Jumapili asubuhi, ili ushuhuda usiwe uongo, alimpa uji mtupu.

Kanisa lilijaa hadi nje. Wageni walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, na juu ya meza ya mhubiri kulikuwa na kitambaa cheupe, Biblia, na bilauri ya maji iliyofunikwa kwa kisahani. Baada ya nyimbo Pasta Modeste alisimulia habari ya chumba cha maombi, kwa ufupi na kwa unyenyekevu, bila kujisifu kuhusu bega lake. Kisha akamwita Bienvenu asimame.

Bienvenu hakusimama. Alikuwa kwenye benchi la tatu, jasho limeloanisha shati mgongoni, macho yamekodolea sakafu. Watu waligeuka kumtazama. Mtu akasema haleluya ili kumtia moyo. Pasta akamwita mara ya pili, kwa upole, na katika ukimya uliofuata Eugénie akasikia kitu kidogo, upande wa kushoto, chini. Kisigino cha mwanawe kilikuwa kinagonga ardhi. Kiligonga, kikatulia, kikagonga haraka zaidi, na mwenyewe alikuwa amelishika goti kwa mikono miwili akijaribu kukizuia.

Kiongozi wa kwaya naye aliona, na akafanya alichojua kufanya: akaanzisha wimbo. Wanawake wakaudaka. Makofi yakaanza.

"Munyamaze," Eugénie alisema.

Hakupaza sauti sana, lakini walikuwa wamezoea kumtii. Alisimama katikati ya njia, akashika upindo wa kitenge, akaanza kufungua fundo. Lilikuwa limekazwa, akatumia meno. Vidonge vilimwagika kiganjani, vingine vizima, vingine nusu, vingine robo, na kanisa zima lilimwona Mama Shemasi amesimama na dawa za kulevya mkononi.

"Mutoto wangu hana kosa," alisema. "Dogteri aliniambia nimupatie bitano kila siku. Mi nilimupatia bibili. Leo sikumupatia kitu. Nilikuwa nakata kwa wembe, juu ashuhudie hapa mbele yenu."

Kisha akapiga magoti mbele ya benchi la tatu, na yaliyobaki aliyasema kwa mtu mmoja. "Haiko weye, Bienvenu. Njo miye."

Kijana alimtazama. Eugénie alikuwa ametazamwa na mwanawe kwa chuki, kwa aibu, kwa njaa ya dawa, lakini hakuwahi kutazamwa hivi, na hakujificha. Alihesabu vitano, kwa sauti, akaviweka kwenye kiganja cha mwanawe. Midomo ya kijana ilikuwa mikavu kabisa. Hakuna aliyesogea. Kisha Pasta Modeste akashuka, amebeba ile bilauri ya mhubiri mgeni, kisahani kimeanguka njiani, akaiweka mwenyewe mdomoni mwa Bienvenu na kumshikia kichwa mpaka akameza vyote. Eugénie akavua ule ufunguo wa chumba cha maombi akamnyooshea. Pasta aliupokea, akautazama, akautia mfukoni. Halafu wakasaidiana kumbeba kijana hadi zahanati, na safari hii alifika akiwa macho.

Kesho yake huko Kamukuzi Eugénie alimweleza Mbabazi kila kitu, kuanzia wembe hadi uji mtupu. Musawo hakumkemea. Alichukua faili, akaufuta ule mstari wake wa wiki iliyopita mbele ya macho ya Bienvenu, akamwomba radhi kijana. Akaandika karatasi mpya: watarudi kwenye sita, watulie hapo mwezi mzima, na Krismasi waisahau, pengine Pasaka. Kisha akauliza tena lile swali lake la kwanza. Nani atashika funguo?

Eugénie aliuvua ufunguo wa sanduku, akauweka mezani, akasogeza kiti chake nyuma. Alijua hana haki ya kusema. Bienvenu, ambaye hakuwa amezungumza naye tangu kanisani, aliutazama ufunguo muda mrefu. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani kwao, na wote watatu mle chumbani walilijua hilo. Mwishowe akausukuma kwa kidole kimoja hadi upande wa mama yake, bado hajamtazama.

Asubuhi iliyofuata uji ulichemka kama kawaida. Eugénie alifungua sanduku, akatoa dozi, akachukua kijiko. Bienvenu alikuja jikoni akiwa amejifunika blanketi, akachuchumaa mbele yake kabla hajaanza kusaga.

"Fungua mukono, Mama," alisema.

Akaufungua. Bienvenu aliinama, akavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole: kimoja, viwili, vitatu. Akavigeuza kuona kama ni vizima pande zote. Kisha akasema sawa, asage, akakaa palepale akikitazama kijiko mpaka kidonge cha mwisho kikawa unga. Mama aliukoroga unga kwenye uji, akampa bakuli, na mwanawe alipokwisha kunywa akafungua kinywa.